Kuosha injini kwa flashi wakati wa kubadilisha oili: mwongozo kamili

Ukimwaga oili ya injini, humwagi yote. Hata injini ikiwa ya moto na bolti ya sampu (beseni la oili chini ya injini) ikaachwa wazi nusu saa, kiasi fulani hung'ang'ania ndani: kwenye njia nyembamba zilizotobolewa katika bloku, kwenye kipoza oili, ndani ya tapeti za haidroliki, kwenye vijishimo vya silinda hedi. Injini inayobeba lita 4 inaweza kubakiwa na robo hadi nusu lita. Oili mpya uliyoinunua kwa pesa nzuri inakaribishwa na mabaki hayo meusi.

Hapo ndipo hoja ya flashi, yaani kimiminika cha kuosha injini kwa ndani, inapoanzia. Wapo mafundi wanaoitia kila sevisi, na wapo wasiotaka hata kuisikia kwa sababu wameona injini ikigonga siku mbili baada ya kuoshwa. Wote wana ushahidi wao. Kazi yenyewe haizidi saa mbili na haina ugumu. Kinachohitaji akili ni kuamua kama injini iliyo mbele yako inafaa kuoshwa hivyo, ndiyo maana nusu ya mwongozo huu haigusi spana kabisa.

Flashi ni mbili, na hazifanani

Watu husema "flashi" wakimaanisha vitu viwili tofauti, halafu hushangaa maelekezo yanapogongana.

Ya kwanza ni oili kamili ya kusafishia. Ni nyepesi kuliko oili ya kawaida, ina visafishi vingi, na huuzwa kwa ujazo wa kutosha kujaza injini. Unamwaga oili ya zamani, unajaza hii, unaiacha injini ingurume dakika 10 hadi 15, kisha unaimwaga nayo. Ya pili ni dawa ya kuchanganya. Huja kwenye kopo dogo la mililita 300 hadi 500, na humiminwa juu ya oili ya zamani kabla haijamwagwa. Nyingi za aina hii ni viyeyushi vya jamii ya mafuta ya taa vilivyotiwa visafishi, na muda wake ni kati ya dakika 5 na 15 kulingana na kopo.

Mimi nina upande. Oili kamili, pamoja na wepesi wake, bado ni oili: inatenganisha vyuma vinavyosuguana, na inapotoka hutoka na uchafu wa oili ya zamani iliyobaki. Dawa ya kopo inaipunguza nguvu oili ambayo tayari imechoka, kisha tunaiomba ilinde injini kwa dakika 10 zaidi. Kwenye injini nzima si tatizo, na ni nafuu. Kwenye injini inayotiliwa shaka ningechagua oili kamili, au nisiflashi kabisa.

Na mafuta ya taa? Na dizeli? Swali hili haliishi, kwa kuwa kuna mafundi wa zamani walioosha injini hivyo na zikaendelea kutembea. Tuangalie namba. Oili ya 10W-40 ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi ina mnato (uzito wa kutiririka) wa takriban sentistoki 14; sentistoki ndiyo kipimo cha mnato. Dizeli, kwenye nyuzi 40 tu, ina sentistoki 2 hadi 4.5, na ikipata moto hushuka zaidi. Krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haikai juu ya beringi zake chuma kwa chuma. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo hujengwa na mnato pamoja na mzunguko wa shafti. Injini ikinguruma taratibu mzunguko ni mdogo, kwa hiyo mzigo wote unaangukia mnato. Ukijaza dizeli umeuondoa mnato huo. Injini za zamani zenye nafasi kubwa na vyuma vinene zilisamehe. Za leo, zenye turbo inayozunguka makumi ya maelfu kwa dakika juu ya beringi zinazotegemea oili hiyohiyo, hazina msamaha huo.

Uchafu wenyewe

Kila pistoni inaposukumwa, gesi kidogo hupenya kando ya ringi zake na kuingia kwenye sampu. Zinabeba mvuke wa maji, mafuta yasiyoungua, masizi na asidi. Injini ikipata moto wa kutosha, maji na mafuta hayo huchemka na kutolewa kupitia vali ya kupumulia. Gari linalokwenda safari za dakika tano tano halifiki huko; maji hubaki, oili huanza kuganda. Kwa upande mwingine, oili iliyopitisha muda wake kwenye joto kali hushikana na hewa na kuwa nzito kama lami. Matokeo yapo ya namna tatu: vanishi, yaani rangi ya asali inayong'ata kwenye chuma, tope laini, na kaboni ngumu, hasa kwenye mifereji ya ringi. Flashi hulimudu tope laini, huipunguza vanishi, na kwa kaboni ngumu hufanya kidogo sana. Anayekuahidi kwamba kopo moja litaachilia ringi zilizoganda na kumaliza ulaji wa oili anauza matumaini.

Wakati mwingine kosa si la mwenye gari peke yake. Injini za Toyota 1MZ-FE na 5S-FE za kati ya 1997 na 2002 zilijulikana kwa kutengeneza tope, na 1.8T ya Volkswagen ya miaka hiyohiyo nayo ilipata sifa hiyo. Ukiwa na injini ya namna hii, uchunguzi ninaoueleza hapa chini usiuruke hata kama kitabu cha sevisi kimejaa mihuri.

Rangi nyeusi ya oili, hata hivyo, si ushahidi. Injini ya dizeli huitia weusi oili mpya baada ya kilomita chache tu, kwa sababu ya masizi, na hiyo ni dalili kwamba oili inafanya kazi ya kuyabeba. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni habari nyingine. Povu kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili katika majira ya baridi huenda ni unyevu tu. Ikiwa oili kwenye kijiti cha kupimia nayo imegeuka maziwa, maji ya rejeta yanaingia. Rekebisha gasketi au kipoza oili kwanza, ndipo ufikirie kuosha.

Chungulia kabla hujanunua chochote

Fungua kifuniko cha kujazia oili, washa tochi, tazama kamshafti (shafti inayofungua vali) na kuta zinazoizunguka. Injini nyingine zina kibati chini ya tundu hilo, hivyo unaona bati tu na kujidanganya kwamba kila kitu ni safi. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu husaidia sana hapa. Ukishindwa, kufungua kava ya vali kunagharimu gasketi moja na kunakupa ukweli wote.

Ukiona chuma kitupu au rangi ya asali isiyo na unene, injini haihitaji flashi. Badilisha oili na filta kwa wakati, basi. Ukiona utando wa kahawia ambao kidole kinaufuta, hapo ndipo flashi inapofaa. Ukiona tope zito kama grisi, au magamba meusi yanayobanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, weka kopo chini.

Sababu ya katazo hilo la mwisho ndiyo sababu ya injini nyingi "zilizouawa na flashi". Ndani ya sampu kuna bomba la kufyonzea oili, na mdomo wake umezibwa kwa wavu. Wavu huo uko kabla ya pampu. Filta iko baada ya pampu. Kwa hiyo magamba yanayong'oka hayafiki kwenye filta hata kidogo. Yanashuka chini ya sampu, yanavutwa, yanajilaza juu ya wavu kama majani kwenye mdomo wa mtaro. Pampu inakosa oili. Injini inaweza kunguruma vizuri siku ile ya kuoshwa, mwenye gari akashukuru na kuondoka, kisha kesho yake kwenye barabara ndefu presha ikaanguka na beringi zikaungua. Injini ya namna hii dawa yake ni kushusha sampu, kuosha wavu na sampu kwa mkono, kisha kufuata njia ya polepole nitakayoieleza mwishoni.

Zipo injini nyingine za kuachwa bila flashi. Injini yenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, kama matoleo mengi ya EcoBoost ya Ford ya lita 1.0 na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën: mkanda huo ni wa mpira, viyeyushi vinaweza kuulainisha, na vipande vyake huishia kwenye wavu uleule. Injini ambayo taa yake ya oili humwekamweka ikipata moto. Injini kuukuu inayovuja kila pembe, maana mara nyingine tope ndilo limegeuka kizibo, na ukiliondoa uvujaji unazidi. Pikipiki ambayo klachi yake huogelea kwenye oili ya injini, isipokuwa kopo liseme wazi kwamba inafaa. Na gari ambalo mtengenezaji amekataza kwenye kitabu chake, hasa likiwa bado na dhamana.

Kuhama kutoka oili ya madini kwenda ya sintetiki peke yake si sababu ya kuflashi. Oili hizi huchanganyika bila kugombana. Sababu nzuri ni hizi: gari lililotumika ambalo historia yake huijui na ndani kuna utando wa kahawia, oili isiyo sahihi iliyojazwa kwa bahati mbaya, maji ya rejeta yaliyoingia na chanzo kikiwa kimeshatengenezwa, au sevisi moja mbili zilizorukwa.

Vya kuandaa

Oili ya flashi au kopo la dawa, usivitie vyote viwili. Oili mpya ya mnato ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Filta mbili ukitumia oili kamili: moja ya bei ya chini itakayotumika dakika 15 tu, na nyingine nzuri ya kubaki. Washa (pete ya kuzuia kuvuja) mpya ya bolti ya sampu. Beseni linalobeba zaidi ya ujazo wa injini, madumu matupu yenye vifuniko, glovu, matambara, jeki na stendi zake. Kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake ni ujinga hata kwa dakika moja.

Kazi yenyewe

1. Endesha gari dakika 15 hadi 20. Sindano ya joto la maji hufika katikati mapema, lakini oili huchelewa, na oili baridi haitoki na uchafu. Egesha mahali tambarare, vuta hendbreki, weka vizuizi kwenye magurudumu. Pima oili kwa kijiti na uinuse. Ikinukia petroli sana, kuna tatizo la mafuta ambalo flashi haitaligusa.

2. Kwa dawa ya kopo: hakikisha oili haijapita alama ya juu, kwa kuwa unaongeza ujazo. Ikiwa imefika juu kabisa, punguza kidogo kwanza. Mimina dawa, funga, washa injini, kisha ruka hadi hatua ya 5. Filta ya zamani ibaki mahali pake, kwa kuwa utaitupa muda si mrefu.

3. Kwa oili kamili: zima injini, subiri dakika 10 isikuunguze, inua gari, fungua bolti ya sampu na uache oili ya zamani itoke hadi ianze kudondoka tone moja moja. Toa filta ya zamani, funga ile ya bei ya chini. Kwa nini usiiache ya zamani? Filta nyingi zina vali ndogo inayofunguka zinapoziba, ili injini isikose oili. Filta iliyojaa ikikutana na uchafu mpya, vali hiyo hufunguka na uchafu unapita moja kwa moja kwenda kwenye beringi. Kuokoa filta hapa ni kuharibu maana ya kazi nzima.

4. Rudisha bolti, jaza oili ya flashi hadi kati ya alama mbili za kijiti. Shusha gari.

5. Washa injini na uiache ingurume. Usikanyage mafuta. Usitie gia. Usiende nayo dukani. Zima kiyoyozi ili kupunguza mzigo. Kaa kwenye kiti, macho kwenye taa ya oili. Kwenye magari mengi taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshuka hadi karibu bar 0.3 au 0.5, yaani inakuambia mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo ikiwaka zima papo hapo. Usingoje kuona kama itajizima. Sikiliza pia sehemu ya juu ya injini. Tapeti zikianza kugonga kwa nguvu, zima. Kugonga kidogo kwa sekunde chache mwanzoni, hasa ukiwa na oili nyepesi, si jambo la kutisha.

6. Muda ukifika, zima. Muda ni ule ulioandikwa kwenye chombo. Ukisema dakika 10, ni 10. Kuongeza dakika 20 hakuongezi usafi, kunaongeza mchakao tu, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

7. Inua gari upesi na ufungue bolti oili ikiwa bado ya moto, ukiwa umevaa glovu na ukikaa kando ya mkondo. Hapa ndipo pa kuwa na subira. Acha idondoke dakika 20 hadi 30, kwa sababu kinachobaki kitakwenda kuipunguza mnato oili yako mpya. Ukiweza, inua upande ulio kinyume na tundu kidogo ili sampu iinamie kwenye tundu. Wengine humimina nusu lita ya oili mpya kwa juu huku bolti ikiwa wazi. Inasuuza hedi na sampu, ingawa haifiki kwenye njia za presha. Si lazima, na haidhuru.

8. Chukua oili iliyotoka kwenye kikombe, imwage taratibu juu ya karatasi nyeupe. Weusi na chembe laini ni kawaida. Magamba makubwa ni onyo: sampu inatakiwa kushuka kabla gari halijatembea. Vipande vinavyong'aa kama fedha au shaba mara nyingi ni chuma cha beringi.

9. Toa filta na uhakikishe mpira wake umetoka nayo. Mpira wa zamani ukibaki na mpya ukaja juu yake, oili yote itamwagika ndani ya dakika chache. Paka oili kwenye mpira wa filta mpya, kaza kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Bolti ya sampu iwekwe na washa mpya. Kwenye magari mengi madogo hukazwa nyutonimita 25 hadi 40. Sampu ya alumini haina huruma na anayekaza kwa hasira.

10. Jaza oili mpya, ukibakiza kidogo. Washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Chungulia filta na bolti kama vinavuja, zima, subiri dakika 5, pima tena. Filta imekunywa sehemu yake, kwa hiyo utaongeza kidogo.

Kama ulikuwa unaondoa maji ya rejeta yaliyochanganyika, mzunguko mmoja mara nyingi hautoshi. Rudia wote, na bado uimwage oili mpya mapema, baada ya kilomita 500 hivi.

Oili iliyotoka itie kwenye dumu lake lenye kifuniko, isichanganywe na kulanti (maji ya rejeta) wala petroli, na uipeleke wanakokusanya oili chafu. Ina vitu vinavyosababisha saratani ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara, kwa hiyo kunawa mikono kwa petroli baada ya kazi hii ni kujiongezea madhara.

Kilomita 2,000 za kwanza

Kuosha hakuishi siku ile. Visafishi vya oili mpya vinaendelea kung'oa kilicholainishwa, hivyo oili hii inaweza kuwa nyeusi haraka kuliko ulivyotarajia. Pima kijiti kila wiki, tazama sakafu ya unapoegesha kama kuna matone mapya, na usisubiri muda wa kawaida: badilisha oili na filta baada ya kilomita 2,000 hadi 3,000.

Njia ya polepole niliyoitaja, kwa injini yenye tope zito iliyoshushwa sampu na kuoshwa wavu, ni hiyohiyo ikirudiwa bila flashi: oili nzuri, filta mpya, kilomita 1,000 hadi 1,500, mwaga, rudia mara tatu au nne. Inachukua miezi na inachosha, lakini uchafu unayeyuka taratibu na kubebwa na oili badala ya kubanduka kwa vipande.

Kila mara unapotoa filta katika kipindi hiki, ikate. Tumia kikata filta au mkasi wa bati, si msumeno, kwani msumeno unaacha chembe zake za chuma na utashindwa kujua zipi ni za injini. Tandaza karatasi ya ndani, ikamue, itazame juani, pitisha sumaku. Mara ya kwanza mikunjo itakuwa imejaa chembe nyeusi zinazosagika kwenye kidole. Mara ya pili ziwe chache zaidi. Karatasi ikitoka na rangi ya oili tu, rudi kwenye ratiba ya kawaida ya kitabu. Ikitoka na chembe nyingi kama za mwanzo baada ya mizunguko mitatu, acha kununua oili na ufungue kava ya vali.